Jinsi Magazeti ya Vijana Yalivyopata Sura Zake

Msomaji, kabla hujaendelea mbele, nakuomba uchukue gazeti lolote la vijana lililo karibu nawe, liwe jipya au kuukuu, uliweke mezani na kulitazama kama umtazamavyo mgeni aliyebisha hodi. Usilisome, litazame tu. Yamkini utaona jina lake limeandikwa juu kwa herufi kubwa, uso wa mtu unakutazama machoni, na kandokando ya uso huo maneno machache yakuitayo uingie ndani. Ukilifungua utaona maandishi yamegawanywa katika safu mbili au tatu, na kila habari imevikwa kichwa chake. Mambo haya umeyaona mara nyingi hata huyaoni tena. Kama ungeulizwa ni nani aliyeamuru yawe hivyo, ungejibu nini?

Swali hilo si langu. Niliulizwa na msichana wa kidato cha pili katika Mukuru kwa Reuben, nami niliye mwalimu wake sikuwa na jawabu.

Mukuru kwa Reuben ni mtaa wa Nairobi ulio katika Embakasi Kusini, jirani na Mukuru kwa Njenga, mahali ambapo Eneo la Viwanda linakutana na makazi ya watu wanaovifanyia kazi viwanda hivyo. Nyumba zake nyingi ni za mabati, zimesongamana, na baina yao zimepita njia nyembamba ambamo watu wawili wakikutana hapana budi mmoja ageuke ubavu. Mto Ngong unapita huko ukiwa umebeba taka za viwanda na za mji. Huo ndio mtaa waliozaliwa wanafunzi wangu, na ndio waliotaka kuuandika. Alasiri moja vijana kumi na mmoja walikusanyika darasani baada ya masomo, wakatandaza juu ya meza magazeti ya zamani waliyoyanunua kwa wauza mitumba, wakaniambia kuwa wamekusudia kutoa gazeti lao wenyewe. Nilifurahi. Furaha yangu haikudumu robo saa, maana mzozo ulizuka juu ya jalada. Kijana mmoja alisema kwamba jalada lazima liwe na picha ya msichana anayecheka, kwa kuwa magazeti yote yaliyo mezani yana picha ya msichana anayecheka. Ndipo mwenzake, msichana asiyekuwa na mazoea ya kusema sana, alipouliza, "Ni nani aliyeamuru?"

Niliwaambia nitawajibu juma lijalo. Nitakayokueleza hapa ni yale niliyoyapata katika kutafuta jawabu hilo, pamoja na mengine niliyojifunza kwao.

Nianze na jina. Jina la gazeti huwekwa juu kwa ajili ya muuzaji kuliko kwa ajili ya msomaji. Muuza magazeti wa mjini hana nafasi. Huyapanga moja mbele ya jingine, au huyatandaza kando ya barabara kama vigae vya paa, kila moja likifunika sehemu ya chini ya mwenziwe, na sehemu inayobaki kuonekana ni ile ya juu pekee. Gazeti lenye jina lake chini lingekuwa gazeti lisilo na jina. Uso nao una sababu yake: jicho la mwanadamu hukimbilia uso kabla ya kitu kingine chochote, na uso unaokutazama machoni ni vigumu kuupita bila ya kuujibu. Safu zilizaliwa kwa sababu mstari mrefu mno humpoteza msomaji arudipo upande wa kushoto kuuanza mstari wa pili. Ama idadi ya kurasa, hiyo haikuamriwa na mtu hata kidogo. Iliamriwa na karatasi. Karatasi moja ikikunjwa mara moja hutoa kurasa 4, ikikunjwa tena hutoa 8, na ikikunjwa mara ya tatu hutoa 16. Ndiyo maana gazeti lililobanwa kwa pini katikati haliwezi kuwa na kurasa 7 wala 9, hata mhariri akilia machozi.

Mimi nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulifundishwa namna ya kuandika ubaoni: tarehe upande mmoja, somo katikati, mstari chini yake, na maneno magumu yatengwe pembeni. Nililifuata jambo hilo miaka kadhaa kama mtu afuataye dini. Siku moja nilikaa kwenye dawati la nyuma kabisa nikimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha, ndipo nikatambua kuwa kila kanunikatika zile ilikuwa imetungwa na mtu aliyepata kuketi pale nyuma. Hivyo ndivyo zilivyo desturi za ukurasa. Nyuma ya kila moja yupo mtu aliyekuwa na shida, na ukitaka kuivunja, ni vema kwanza umjue mtu huyo na uulize kama shida yake ingalipo.

Gazeti la vijana katika lugha yetu lina umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1888, katika skuli ya Kiungani, Unguja, iliyokuwa ya misheni ya Kianglikana iitwayo UMCA, lilianza kutolewa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Wengi wa wanafunzi wa Kiungani katika miaka hiyo walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wametoka katika makabila mbalimbali ya bara, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Walipohitimu walitawanywa kwenda kufundisha katika vituo vya misheni, na habari zao zilirudi kwa barua zikachapwa. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hili. Mtoto aliyepotezewa kwao, asiyejua nduguze wako wapi, anafungua ukurasa na kuona habari za mwenzake aliyelala naye bweni moja. Gazeti la namna hiyo halikuhitaji uso wa mtu acheke juu ya jalada. Nyuso zilikuwa ndani ya majina.

Miaka thelathini na mitano baadaye, Januari 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na lilisema yale yaliyoiridhisha serikali hiyo. Tusijidanganye juu ya hilo. Lakini mlikuwa na mlango mmoja ulioachwa wazi, nao ni nafasi iliyotengwa kwa barua na mashairi ya wasomaji. Kupitia mlango huo waliingia watu wengi, akiwamo Shaaban Robert. Nawaomba vijana wanaopenda kutengeneza magazeti walizingatie jambo hili, maana aghalabu tunapotaja sura ya gazeti tunafikiri juu ya rangi na picha tu. Kuamua kwamba ukurasa fulani utakuwa wa msomaji, na kila mwezi utakuwa pale pale autafutapo, ni uamuzi wa sura kama ulivyo uamuzi wa kuchagua wino.

Huko Mombasa nako Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Al-Islah mwaka 1932, lililokuwa na maandishi ya Kiswahili na ya Kiarabu. Nililitaja gazeti hilo kwa wanafunzi wangu kwa sababu moja tu. Kiarabu husomwa kutoka kulia, na kitabu cha Kiarabu jalada lake la mbele lipo pale ambapo kitabu cha Kizungu humalizikia. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya kuvalishwa hizi za Kirumi. Basi hata neno "mbele" katika gazeti ni desturi, na babu zetu wa pwani walikuwa na desturi nyingine wala hawakupungukiwa na kitu.

Lakini msichana anayecheka alitoka wapi? Kwa hilo yatupasa tuvuke bahari. Uingereza ilikuwa na magazeti ya vijana tangu zamani. The Boy's Own Paper lilianza mwaka 1879, na la wasichana, The Girl's Own Paper, likafuata mwaka 1880. Yalitolewa na chama cha Kikristo cha kuchapa vijitabu vya dini, na nia yake ilikuwa kuwaepusha vijana na hadithi za ovyo zilizouzwa kwa bei ndogo mitaani. Kijana katika kurasa zile alikuwa mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mambo yalibadilika Septemba 1944, lilipotoka Marekani gazeti liitwalo Seventeen, ambalo mhariri wake wa kwanza alikuwa Bi Helen Valentine. Bi Valentine alifahamu kwamba baina ya mtoto na mama mwenye nyumba yake yupo msichana mwenye mawazo yake na, la muhimu kwa wafanya biashara, mwenye fedha zake kidogo. Gazeti lilifanya uchunguzi juu ya wasomaji wake, likawaundia msichana wa kubuni aliyeitwa Teena, kisha likawapelekea wafanya biashara habari zake: anapenda nini, ananunua nini, anamshawishi mama yake anunue nini. Hapo ndipo uso ule uliponawiri. Msichana anayecheka juu ya jalada alikuwa kioo: msomaji ajione vile angependa kuwa, kisha afungue ndani akute matangazo ya vitu vya kumfikisha huko.

Wapo waliolipinga jambo hilo kutoka ndani ya nyumba ile ile. Bi Cipe Pineles, aliyeshika kazi ya kusimamia picha na mpangilio wa Seventeen mwaka 1947, alikataa kuwapa wasichana michoro ya sukari. Aliwaomba wachoraji wakubwa wa zama zake, kama Ben Shahn, wachore picha za hadithi za gazeti, kwa imani kwamba msichana wa miaka kumi na saba anaweza kutazama kazi ya fundi wa kweli na kuielewa. Mimi namhesabu mwanamke huyo kuwa mwalimu. Hata hivyo kioo kile kilikuwa na upofu wake. Mpaka mwaka 1971 ndipo msichana mweusi, Joyce Walker, alipotokea peke yake juu ya jalada la Seventeen. Hesabu mwenyewe: miaka 27. Kwa miaka yote hiyo msichana mweusi wa Chicago alinunua kioo kilichomwonyesha mtu mwingine.

Nilipowasimulia wanafunzi habari hiyo, yule kijana aliyetaka picha ya msichana anayecheka alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo la haki: "Lakini sisi tutaweka msichana wa hapa." Alikuwa na hoja, nami nikamwambia kwamba hoja hiyo ina historia ndefu katika Afrika. Mwaka 1951 lilitoka Cape Town gazeti lililoitwa The African Drum. Waliolianzisha walidhani kwamba Mwafrika atapenda kusoma juu ya makabila, ngoma na hadithi za kale, wakamjazia hayo. Wasomaji wa mjini walilipa kisogo. Walitaka muziki wa jazi, ngumi, na habari za mitaa waliyoishi. Mwenye fedha, Jim Bailey, alilihamishia Johannesburg, akamtia Anthony Sampson kuwa mhariri, na Drum likageuka likawa gazeti la watu wa mjini, lenye picha za wanawake na wanaume Waafrika waliovaa vizuri wakijitazamia mbele. Baadaye lilikuwa na toleo lake la Afrika ya Mashariki. Vioo vilikuwa vyetu sasa, lakini vilikuwa vioo vile vile: uso juu, jina juu, tabasamu.

Nairobi ilipata jawabu lake mwaka 1973. Mwandishi Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha gazeti liitwalo Joe, kwa jina la mtu wa kubuni ambaye Ng'weno alikuwa akimwandikia katika magazeti. Joe ni mtu wa kawaida wa mjini, mwenye kodi ya nyumba isiyolipwa na ndugu waliokuja kutembea wakasahau kuondoka. Jalada lake halikuwa na msichana wa kupigwa picha. Lilichorwa na Hirst mwenyewe kwa kalamu, nalo lilikuwa kichekesho kizima ambacho mtu angeweza kukisoma akiwa amesimama kituo cha basi bila ya kulipa senti. Biashara mbaya, utasema. Lakini mtu akichekeshwa na jalada hutaka kujua yaliyo ndani. Ndani yake waliandika na kuchora watu wengi, mmoja wao akiwa Edward Gitau, ambaye Wakenya wanamjua zaidi kwa kumchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Kwa watoto, Hirst huyo huyo alichora katika miaka ya 1980 gazeti la Pied Crow, lililopelekwa katika shule za msingi na kufundisha mambo ya mazingira na afya kwa picha. Baadhi ya wazazi wa wanafunzi wangu walilisoma. Mmoja alilikumbuka jina lake kabla sijamaliza kulitamka.

Tanzania ilikwenda kwa njia yake. Mwisho wa miaka ya 1960 Faraji Katalambulla, mtungaji wa Simu ya Kifo, alitoa gazeti la hadithi za picha, ambamo watu halisi walipigwa picha wakiigiza na maneno yao yakaandikwa juu ya picha hizo. Njia hiyo ilifaa tena baadaye. Shirika la Femina, lililoanzishwa Dar es Salaam chini ya uongozi wa Bi Minou Fuglesang, aliyepata kufanya utafiti juu ya wasichana wa Lamu, lilianza kutoa gazeti la vijana mwaka 1999, na mwaka 2003 likaongeza jingine, Si Mchezo!, kwa vijana wa vijijini wasiokuwa na elimu kubwa. Uganda nayo ilikuwa na Straight Talk tangu 1993, gazeti la kurasa chache lililojaa barua za vijana na majibu yake. Katika magazeti haya yote jambo la kufa na kupona lilikuwa UKIMWI, na waandishi walilazimika kusema mambo ambayo wazee walikuwa hawayasemi. Hapo sura ya ukurasa haikuwa pambo. Kijana asipoamini kwamba gazeti ni lake hataliamini linapomwambia habari ya ugonjwa.

Sasa nifike kwenye gazeti ambalo wanafunzi wangu walikuwa na nakala zake nyingi kuliko yote, zikiwa zimechakaa. Shujaaz lilianza kutoka Nairobi mwaka 2010, kwa kazi ya kampuni ya Well Told Story, likiongozwa na Rob Burnet. Lilikuwa gazeti la michoro, na kiongozi wa hadithi zake ni kijana aitwaye Boyie, aliyemaliza shule asipate kazi, akajitengenezea kwa siri kituo cha redio chumbani mwake na kujiita DJ B. Halikuuzwa. Lilitiwa ndani ya gazeti la Nation na kugawiwa katika vibanda vya M-Pesa, mamia ya maelfu ya nakala kwa mwezi. Mwaka 2012 lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy, na jingine mwaka 2014. Wanafunzi wa Mukuru walinikumbusha kwamba mtaani kwao ipo redio ya kweli, Ruben FM, kwa hiyo habari za kijana mwenye redio hazikuwa ngano kwao.

Tazama jinsi gazeti hilo lilivyozivunja desturi. Kwa kuwa lilitolewa bure, halikuwa mtumwa wa mpangaji wa magazeti wa barabarani. Jalada lake halikulazimika kumwita mtu mfukoni. Mazungumzo yalitiwa ndani ya picha, na macho ya msomaji yalipelekwa na michoro wala si na safu. Na lugha yake ilikuwa Sheng. Hapa nitasema wazi kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na Sheng imenipotezea wino mwingi mwekundu. Waalimu wenzangu walilalamika sana gazeti hili lilipoingia madarasani, nami nililalamika pamoja nao. Leo nasema hivi: lugha ya Boyie ilikuwa sehemu ya sura yake, kama kofia yake. Kumvalisha Kiswahili changu cha ubaoni kungekuwa sawa na kumtia kijana wa Eastlands katika tai na kumwambia asimame wima apigwe picha. Lakini silikubali jambo moja, nalo ni kudhani kwamba kijana wa mtaa hawezi kusoma lugha nyingine zaidi ya ile. Wanafunzi wangu walipiga kura, na gazeti lao likaandikwa kwa Kiswahili sanifu, isipokuwa katika maneno ya watu waliotajwa wakisema. Sikuwaambia kitu. Naapa.

Wapo pia wanaovunja desturi kwa furaha ya kuvunja. Marekani palikuwa na mpangaji wa kurasa aitwaye David Carson, aliyelipa sifa gazeti la muziki liitwalo Ray Gun kuanzia mwaka 1992. Mwaka 1994 aliletewa mahojiano ya mwimbaji Bryan Ferry, akayaona yanachosha, akayachapa yote kwa alama za nyota, mikono na maua, isisomeke hata herufi moja. Watu wa fani hiyo wanalisimulia tendo hilo mpaka leo. Vijana wangu walipolisikia walishangilia, na juma lililofuata waliniletea ukurasa wenye maandishi yaliyopinda kama mlevi, meupe juu ya weusi. Sikuukataa. Niliwaambia wautoe kwa mashine ya kunakili ya bei rahisi, kisha kila mmoja ausome nyumbani usiku, umeme ukiwa umekatika. Walirudi wakicheka. Msomaji wa Carson alikuwa na taa nzuri na fedha za kununua gazeti jingine. Msomaji wao alikuwa mama mwenye kibanda cha mboga asomaye kwa mwanga wa simu.

Tukarudi kwenye jalada. Siku hiyo yule msichana aliyeuliza swali alileta bahasha. Ndani yake alikuwa amekusanya picha za Mukuru alizozikata katika vijitabu na ripoti za mashirika ya misaada yaliyopita mtaani kwa miaka mingi. Zote zilifanana: mtoto mdogo, miguu mitupu, kando ya mtaro wa maji machafu, akimtazama mpiga picha kutoka chini. Aliweka picha hizo upande mmoja wa meza, na upande wa pili akaweka wasichana wanaocheka. Kisha akasema, "Hawa wanacheka ili mtu anunue, na huyu analia ili mtu atoe. Mimi simo kotekote."

Nimefundisha miaka kumi na zaidi, msomaji, na sijasikia somo la historia ya picha lililosemwa kwa maneno machache kuliko hayo. Maana picha ile ya mtoto na mtaro nayo ni desturi ya jalada, ina kanuni zake kama zilivyo za Seventeen, na mtu wa shida aliyeitunga si mtoto yule bali ni mtafuta fedha. Mtaro upo, hakuna aliyeukana. Lakini mtaa huo ulipotangazwa na serikali ya Kaunti ya Nairobi mwaka 2017 kuwa eneo la mpango maalumu, ni wakazi wenyewe walioketi katika mikutano wakasema barabara ipite wapi na maji yaje vipi. Watu hao hawakupata kuonekana katika picha za bahasha.

Walichokichagua ni mchoro. Kijana mwenye mkono mwepesi alipanda juu ya nyumba ya ghorofa iliyo pembeni ya mtaa, akachora mapaa ya mabati yanavyoonekana kutoka huko: kutu, nguo zilizoanikwa, nyaya, mawe yaliyowekwa juu ya mabati yasipeperuke, na mbali kidogo bomba za moshi za viwandani. Hakuna mtu hata mmoja katika mchoro, lakini kila mkazi aliyeuona alianza kutafuta paa lake kwa kidole. Niliona mzee mmoja akilitafuta kwa dakika nzima, akaudhika alipogundua kwamba mchoraji aliishia nyumba tatu kabla ya kufika kwake.

Jina nalo lilileta kazi. Mwenye kibanda aliyekubali kuwauzia, kwa shilingi 20 nakala moja, huyaning'iniza magazeti kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Kibanio huuma sehemu ya juu, na upepo hukunja pembe za chini. Vijana walikwenda na karatasi tupu, wakaitundika, wakapima, wakarudi wakasema jina litakaa theluthi moja kutoka juu, juu ya mapaa. Sidhani yupo mhariri London aliyepata kuweka jina hapo kwa sababu hiyo. Lakini ni sababu ile ile iliyolipeleka juu kabisa hapo kwanza: muuzaji na nafasi yake.

Walikuwa na habari za kurasa 7. Karatasi, kama nilivyosema, haijui 7. Waliamua ukurasa wa 8 uachwe na mistari mitupu, na juu yake maneno machache ya kumwomba msomaji aandike atakalo, aukate, aurudishe kibandani. Walikuwa wamekumbuka Mambo Leo. Mpiga chapa, ambaye sitamtaja, aliona ukurasa mtupu akadhani wamesahau, naye kwa wema au kwa tamaa akaujaza tangazo la duka lake mwenyewe, pamoja na nambari ya simu na picha ya kadi za harusi. Nakala zote 150 zilikuja hivyo. Fedha za kuchapa upya hazikuwapo. Baadhi yao walilia, na mmoja alitaka tukamshtaki.

Waliikata karatasi ya madaftari yao vipande 150, wakavibandika kwa gundi ya unga juu ya kadi za harusi, kipande kimoja kimoja, Jumamosi nzima. Nilibandika vyangu nusu vikaenda upande, wakaniondoa kazini.

Kurasa 23 zilirudi. Nyingine zilikuwa na hesabu za duka, nyingine michoro ya watoto, mbili zilikuwa mashairi, na moja ilimtukana mchoraji kwa ajili ya paa. Ya mwisho ilikuwa na mwandiko wa mtu mzima, wa pole pole, uliokandamizwa kwa kalamu ya risasi. Aliuliza kwa nini juu ya jalada mtaa umeandikwa Reuben kama ilivyo kwenye ramani, ilhali watu wengi wa hapo huandika Ruben, na redio yao pia. Na je, katika toleo la pili wahariri watafuata ramani au watafuata watu? Vijana kumi na mmoja waliizunguka karatasi hiyo mezani. Nilipovuta kiti niketi, tayari walikuwa wamegawanyika pande mbili.